Kuchagua kiyoyozi cha volti ndogo kwa nyumba ya sola: mwongozo kwa wakazi wa Kisumu na kando ya ziwa

Kuanzia Januari hadi mvua za Machi zinapoanza, nyumba nyingi za mabati kutoka nyanda za Kano hadi Usenge, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano hazikaliki kati ya saa saba mchana na saa tatu usiku. Mwenye stima ya laini hununua kiyoyozi cha kawaida, akakichomeka, akasubiri bili. Anayeishi kwa sola hana bili, lakini ana hesabu ngumu zaidi: kila uniti anayotumia ameikusanya mwenyewe kutoka kwa jua la siku hiyo, na kiyoyozi kikiwaka saa moja kinakula kuliko taa, simu na televisheni yake vikijumlishwa.

Hata hivyo inawezekana, na kuna watu wanaokihitaji kwelikweli. Mzee anayelemewa na joto, mtoto mchanga, mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, mwenye duka la dawa kisiwani ambaye maboksi yake yameandikwa kwamba dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Hao ndio ninaowaandikia. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema: chagua mashine kwa kuangalia ampea itakazovuta kwenye betri yako usiku kucha, usichague kwa BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) zilizochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mengine yote yanatoka hapo.

Hatua ya 1: Punguza joto la nyumba kabla hujatoa pesa

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, kwenye barabara ya kwenda Busia. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri liko utosini karibu mwaka mzima, na sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Bati tupu likikaa kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi 60, kisha linaanza kumwaga joto hilo chini, juu ya vichwa vya watu. Ndiyo sababu unaweza kuketi ndani madirisha yakiwa wazi, upepo wa ziwa unapita, na bado utosi unakuchoma. Kufunga kiyoyozi katika chumba cha namna hiyo ni kuchota maji kwa ungo.

Anza na dari. Chumba kimoja tu kinatosha, kile utakachopoza. Mbao nyembamba, jipsamu au hata gunia safi lililovutwa vizuri ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Kama uwezo upo, tandika karatasi ya fedha inayong'aa chini ya mabati, uso unaong'aa ukitazama chini, na uache nafasi ya hewa kati yake na dari. Kupaka paa rangi nyeupe kunasaidia pia, ilimradi uoshe vumbi mara kwa mara. Nafasi iliyo juu ya dari iache ipumue kupitia matundu ya kwenye kingo za paa. Chumba chenyewe kilicho chini ndicho unachokiziba: pengo la juu ya ukuta, chini ya mlango, pembeni mwa fremu za madirisha.

Dirisha linalotazama magharibi lifunike kutoka nje. Pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto limeshaingia kwenye kioo. Mkeka wa mafunjo unaosukwa hapa hapa ziwani, ukining'inizwa nje ya dirisha kuanzia saa nane mchana, hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo. Mti ni bora zaidi, ila mti hauoti kwa wiki moja.

Ukishamaliza hayo, weka feni ya sola ya wati 20 au 30 na ukae nayo wiki chache. Usiku wa Kisumu hushuka hadi karibu nyuzi 18, na wengi hugundua kwamba chumba chenye dari nzuri kinahitaji feni tu kuanzia saa nne usiku. Kama feni imetosha, ishia hapo, na pesa ya kiyoyozi inunue betri. Na kwa ndugu zangu wa Nakuru: mji wenu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wenu ni wa baridi. Sioni sababu ya kununua kiyoyozi cha betri kwa nyumba ya kuishi huko, isipokuwa kama kuna dawa au mashine za kulinda.

Hatua ya 2: Pima chumba, siyo nyumba

Usijaribu kupoza nyumba nzima. Chagua chumba kimoja cha kulala, au stoo ya dawa, na upime urefu na upana wake kwa mita. Chumba kilichowekewa dari na kukingwa jua la jioni nakikadiria BTU 500 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita 12 za mraba, kwa hiyo BTU 6,000 kwa saa. Chumba kile kile chini ya bati tupu kinaweza kudai BTU 800 au zaidi kwa kila mita, yaani karibu BTU 10,000. Tofauti hiyo ndiyo bei ya dari, na ukiihesabu kwa betri na paneli utaona dari ni rahisi mno.

Makadirio hayo yana watu wawili ndani. Mtu aliyelala au kuketi hutoa joto la karibu wati 100, basi ongeza BTU 400 kwa kila mtu wa ziada. Friji iliyomo chumbani nayo hutoa joto; ihamishe.

Usifikirie kwamba mashine kubwa ni salama zaidi. Kando ya ziwa hewa ina unyevu mwingi, hasa usiku na alfajiri, na nusu ya raha inayotoka kwenye kiyoyozi ni kule kukausha hewa. Mashine iliyozidi chumba hupoza haraka, ikazima, ikawaka tena, na haipati muda wa kutoa maji hewani. Unabaki na chumba baridi chenye jasho, shuka zinanata, na ukuta unaota ukungu.

Hatua ya 3: Jua aina zilizoko sokoni

Ya kwanza ni viyoyozi vya lori, vya volti 12 au 24, vilivyotengenezwa kumpoza dereva anayelala ndani ya kabini huku injini imezimwa. Vingine hukaa juu ya paa la lori, vingine vina sehemu mbili. Ni vidogo, vinavumilia mtikisiko, na vinafaa gari, mashua yenye kabini au kibanda kidogo. Kwa chumba cha nyumba vina shida: vimeundwa kwa nafasi ya mita mbili tatu za mraba, vile vya paa vinahitaji utoboe shimo kubwa, na hufanya kelele usiku.

Ya pili ni viyoyozi vya sehemu mbili vya volti 48, kimoja ndani na kingine nje, vinavyounganishwa moja kwa moja na betri bila inveta, yaani ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240. Hivi ndivyo vilivyotengenezwa kwa nyumba isiyo na stima ya laini. Kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, hubadilisha kasi: chumba kikishapoa hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na haina ule mvuto mkubwa wa kuanza ambao kompresa ya kasi moja huwa nao, mara tano hadi saba ya ampea za kawaida.

Ya tatu ni vile vinavyouzwa kama viyoyozi vya sola, ambavyo paneli huingia moja kwa moja kwenye mashine na usiku hutumia stima ya laini. Soma vizuri kabla ya kununua. Vingi vinataka paneli zilizoungwa kwa mfululizo hadi volti mia na zaidi, ambayo si volti ndogo hata kidogo na inaweza kuua. Pia, kama huna laini, jua likizama mashine inazimika, nawe ulikuwa unataka ubaridi wa jioni.

Ya nne ni kiyoyozi cha kawaida cha volti 240 chenye kompresa ya kubadilisha kasi, kikiendeshwa na inveta ya nyumbani. Nakitaja kwa sababu mtu ambaye tayari ana betri ya volti 48 na inveta nzuri ya kilowati 3 au 5 huenda asihitaji kiyoyozi cha volti ndogo kabisa. Inveta itampotezea asilimia 10 hivi ya nguvu, tena hula wati 20 hadi 60 hata ikiwa haina kazi, lakini vipuri viko kila mahali na kila fundi wa friji Kisumu anaijua mashine hiyo. Kiyoyozi cha volti ndogo kinashinda pale ambapo hakuna inveta, au inveta ni ndogo, au unataka chumba kimoja kijitegemee ili inveta ikifa mgonjwa asikose hewa baridi.

Mashine za kupoza kwa maji, zile zinazopuliza hewa kupitia sponji lililoloweshwa, ziache kwa Lodwar na kwingine kukavu. Kando ya Ziwa Viktoria zinaongeza unyevu katika hewa iliyoshiba. Vile visanduku vidogo vya mezani vya USB navyo haviwezi kupoza chumba, haidhuru video inasema nini. Na kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja hutupa nje hewa uliyoipoza na kuvuta ya moto kupitia kila ufa. Nguvu ya betri ni ghali mno kwa mchezo huo.

Hatua ya 4: Chagua volti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Chukua mashine inayokula wati 600. Kwa volti 12 itavuta ampea 50. Kwa volti 24, ampea 25. Kwa volti 48, ampea 12.5.

Sasa tuseme betri iko mita 5 kutoka kwenye kiyoyozi, na fundi ameweka waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, waya ambao watu wengi huuona mnene. Umeme unakwenda mita 5 na kurudi mita 5. Kwa ampea 50, waya huo unapoteza karibu volti 1.5 kati ya 12, yaani asilimia 12, na wati 73 zinageuka kuwa joto ndani ya ukuta wako. Betri ikishuka kidogo usiku, mashine inaona volti haitoshi, inajizima, nawe unamlaumu muuzaji. Kwa volti 24 waya ule ule unapoteza asilimia 3. Kwa volti 48 unapoteza chini ya asilimia 1, wati 5 hivi.

Ukitaka volti 12 ifanye kazi kwa umbali huo bila kupoteza zaidi ya asilimia 3, unahitaji kebo ya milimita 25 za mraba. Kwa volti 48, milimita 4 zinatosha. Nenda duka la umeme uulize bei ya mita 10 za kebo hizo mbili, utaelewa haraka.

Uamuzi wangu: volti 12 ni ya gari na mashua. Volti 24 ni ya mtu ambaye tayari ana mfumo wa volti 24 na hana mpango wa kuubadilisha, na kiyoyozi kikae karibu sana na betri. Anayeanza upya kwa ajili ya nyumba anunue volti 48. Sishauri hata kidogo kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya nne zilizoungwa kuwa 48. Betri hiyo itachoka kabla ya wenzake na kuua kundi zima.

Hatua ya 5: Hesabu betri na paneli kabla ya mashine

Turudi kwenye chumba chetu cha mita 12 za mraba. Mashine ya BTU 6,000 inayotoa BTU 10 kwa kila wati itakula wati 600 ikiwa kasi ya juu. Ukiiwasha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, saa sita, hesabu mbaya kabisa ni wati 600 mara 6, yaani wati-saa 3,600, ambazo ni uniti 3.6. Chumba kikishapoa na kompresa ikapunguza kasi, matumizi halisi yanaweza kuwa nusu ya hapo, lakini betri inunue kwa hesabu mbaya. Usiku wa joto zaidi ndio utakaokuhitaji.

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 48 na ampea-saa 100 kwa kweli ni volti 51.2, na hubeba uniti 5.12. Ukitumia asilimia 80 yake unapata uniti 4.1. Inatosha kiyoyozi, na baki ndogo ya taa na feni. Ukitaka kupata uniti 3.6 zile zile kutoka kwenye betri za asidi, ambazo hazifai kushushwa chini ya nusu, utahitaji uniti 7.2, yaani betri tatu za volti 12 na ampea-saa 200 kila moja. Na kwa mfumo wa volti 48 huwezi kufunga tatu, lazima ziwe nne. Ukiziweka, zisikae chumba cha kulala kilichozibwa: zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Paneli sasa. Kando ya ziwa kadiria jua kamili la saa 5 kwa siku, kisha uondoe robo kwa ajili ya vumbi, joto la paneli, waya na chaji. Uniti 3.6 gawanya kwa 5 mara 0.75, unapata kilowati 0.96 za paneli kwa kiyoyozi cha jioni peke yake. Ukitaka kiwake mchana pia, tuseme saa nne kwa wati 500, ongeza uniti 2, ambazo ni wati 530 zaidi za paneli. Jumla ni kilowati 1.5 hivi: paneli nne za wati 400. Taa, televisheni na friji vihesabie paneli zake mbali.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kwa sababu tuko ikweta, paneli haina haja ya kuinamishwa sana. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha ili mvua ioshe vumbi. Lakini upande unaoelekea una maana. Kama kiyoyozi chako kinaanza kazi alasiri, elekeza nusu ya paneli magharibi. Zitakupa nguvu saa tisa na saa kumi jioni wakati joto la chumba liko juu kabisa, na betri itaingia usiku ikiwa imejaa zaidi. Zile nyingine zielekee mashariki, maana mawingu ya mvua ya ziwani hupenda kujikusanya mchana, na kuna siku ambazo asubuhi ndiyo jua lote utakaloliona.

Hatua ya 6: Soma kibandiko na umuulize muuzaji

Ukifika dukani, acha boksi, omba kuona kibandiko cha chuma au karatasi kilichobandikwa kwenye sehemu ya nje ya mashine. Tafuta wati au ampea zinazoingia, kisha gawanya BTU kwa wati hizo. Mashine ya BTU 6,000 inayokula wati 600 ni 10. Kati ya 9 na 13 ni jambo la kuaminika. Ukikuta tangazo la mashine ndogo ya bei rahisi inayodai BTU 10,000 kwa volti 12 na ampea 50, piga hesabu: ni wati 600, na jibu linakuja zaidi ya 16. Hapo omba jedwali la vipimo vya kiwandani. Mara nyingi BTU ni za kasi ya juu kabisa na ampea ni za kasi ya chini, zimewekwa kwenye mstari mmoja.

Angalia pia volti inayokubalika. Betri ya lithiamu ya "48" ikichajiwa hufikia volti 57 au 58, na ikikaribia kuisha hushuka hadi 44 hivi. Mashine iliyoandikwa tu "48V" bila kusema kuanzia ngapi hadi ngapi isikuingie mkononi. Muulize muuzaji maneno haya haya: "Inakubali volti ngapi chini na ngapi juu, na naweza kubadilisha kiwango cha kujizima?" Muulize pia kama bodi yake ya umeme inapatikana Kisumu au Nairobi, na ikiharibika utasubiri kwa muda gani. Bodi ndiyo inayokufa kwanza katika mashine hizi, mara nyingi kuliko kompresa. Kama jibu ni "tutaagiza nje", hesabu miezi na uamue.

Viyoyozi vya kawaida vya volti 240 vinavyouzwa Kenya vina kibandiko cha nyota cha EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Nyota nyingi ni matumizi madogo. Ukikosa kibandiko hicho kwenye mashine ya volti ndogo, hesabu ya BTU kwa wati ndiyo nyota yako.

Na uulize aina ya gesi ya kupozea. R22 usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei, kwa sababu inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal na kuijaza kutazidi kuwa shida. R134a iko kwenye viyoyozi vingi vya lori na mafundi wa friji na magari wanaijua. R410A na R32 ndizo za mashine mpya za sehemu mbili. Zinafanya kazi kwa shinikizo kubwa, R410A ikizidi R22 kwa asilimia 60 hivi, kwa hiyo geji za zamani za fundi hazifai. R32 huweza kushika moto kidogo, na R290, ambayo ni propani, hushika kwa urahisi. Si sababu ya kuzikataa, ni sababu ya kumtaka fundi anayejua anachokifanya.

Hatua ya 7: Fundi na ufungaji

Kazi hii ina mafundi wawili ndani yake, wa sola na wa friji, na ni nadra mtu mmoja kuwa hodari wa yote mawili. Upande wa sola, mtake fundi mwenye leseni ya EPRA na uione. Upande wa gesi, muulize swali moja: una pampu ya kuvuta hewa? Akisema ataachia gesi kidogo isukume hewa itoke kwenye mabomba, mshukuru, mtafute mwingine. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba vinaila kompresa polepole, na hasara ni yako.

Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kwa ampea 12.5, fyuzi ya 16 au 20 inatosha. Swichi ya kukata iwe ya umeme wa betri. Breka ya nyumba ya kawaida haifai hapa: umeme wa laini hupita sifuri mara mia kwa sekunde na cheche hufa, lakini umeme wa betri haupumziki, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka hadi iyeyuke. Nyumba zimeungua kwa jambo hili.

Radi isisahaulike. Nchi yetu kuanzia Kisii hadi Kakamega na ziwa lenyewe ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi. Weka kikinga radi upande wa paneli na waya wa ardhi uliochimbiwa vizuri, na mabano ya paneli yaungwe kwenye waya huo huo.

Sehemu ya nje ya mashine iwekwe ukuta wa mashariki au chini ya kivuli cha paa, nyuma yake pawe na nafasi ya sentimita 30 angalau. Ikipigwa na jua la magharibi inafanya kazi ngumu zaidi wakati ule ule unaoihitaji. Habari njema ni kwamba maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, hayataliwa na kutu kama yanavyoliwa Mombasa. Bomba la maji literemke moja kwa moja hadi nje, lisiwe na tumbo linalokusanya maji. Maji hayo yanafaa kumwagilia maua. Usiyatie kwenye betri za asidi kama wengine wanavyofanya, kwa kuwa yamepita kwenye vumbi na chuma, siyo maji safi ya betri.

Na kwa kuwa sasa chumba kimezibwa: jiko la makaa lisiingie humo, hata likiwa limebaki kaa moja. Moshi usioonekana wa makaa huua watu waliolala.

Hatua ya 8: Kipime kabla fundi hajaondoka

Washa mashine kwa kasi ya juu dakika 20. Weka kipimajoto pale hewa inapoingia, kisha pale inapotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa chini ya hapo, gesi imepungua au hewa haipiti vizuri. Kisha pima volti kwenye ncha za betri, halafu kwenye ncha za kiyoyozi, mashine ikiwa inafanya kazi. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 3, kebo ni nyembamba au mahali fulani skrubu imelegea. Shika kila kiungo uone kipi kimepata moto. Mwisho pima ampea kwa klampu mita inayosoma umeme wa betri, kwa sababu nyingi za bei rahisi husoma umeme wa laini tu. Linganisha na kibandiko. Andika namba zote ukutani karibu na swichi; mwakani mashine ikidhoofika utakuwa na cha kulinganisha.

Rimoti iweke nyuzi 26 na uwashe feni pamoja nacho. Hewa inayotembea humfanya mtu ahisi baridi zaidi, na feni ya wati 25 inakuokolea wati mia na kitu za kompresa. Ikifika usiku wa manane, kizime, fungua dirisha lenye neti ya mbu na uache hewa ya usiku ifanye kazi ya bure. Stoo ya dawa ni hadithi nyingine: hiyo hufungwa usiku na mchana, na kipimajoto kiwe ndani muda wote.

Utunzaji wa kando ya ziwa

Chujio la ndani lioshe kila baada ya wiki mbili, mara nyingi zaidi ukikaa kando ya barabara ya vumbi. Lakini adui mkubwa wa mashine hapa ni wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Jioni moja tu inatosha kujaza mapezi ya sehemu ya nje kwa maelfu yao, hewa ikakosa njia, shinikizo likapanda, ampea zikaongezeka na betri ikaisha kabla ya saa sita usiku bila wewe kujua kwa nini. Taa ya usalama usiiweke juu ya mashine wala karibu nayo. Ihamishie kona nyingine ya nyumba. Wadudu wakishavamia, asubuhi zima swichi kubwa, ondoa kifuniko, na uoshe mapezi kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje. Mashine za kuoshea magari hapana. Zinalaza mapezi na kuyanyoosha tena ni kazi ya siku nzima. Acha ikauke hadi mchana kabla ya kuiwasha.